Kuvunjika kwa Jumuiya ya 1967: Biashara Ilikwenda Wapi?

Katika madarasa yetu ya siasa, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 hufundishwa mara nyingi kama ugomvi wa viongozi. Huelezwa kwamba Mwalimu Nyerere alikataa kuketi meza moja na Idi Amin. Kwamba wakubwa wa Nairobi walikuwa na kiburi. Kwamba sisi tuliwaita mabepari wa Kenya manyang'au nao wakatujibu kwa kejeli zao. Yote hayo yalikuwapo. Lakini kada anayetaka kuuelewa uchumi hawezi kutosheka na historia ya maneno ya wakubwa. Hana budi aulize: kabla ya mpaka kufungwa, nani alikuwa akizalisha nini na kumwuzia nani? Na baada ya kufungwa, bidhaa ile ile ilipita njia gani, na faida yake iliingia mfuko wa nani?

Swali hili lina uhai hata leo. Januari 2020 Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya. Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa katika Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi. Kila inapotokea hivyo, watu hubishana kana kwamba jambo hilo halijapata kuonekana duniani. Sisi wa Afrika Mashariki tulikwisha lipitia. Rai yetu katika makala haya ni kwamba jirani anapojitoa, au anapofungiwa mlango, biashara haifi. Hubadili njia na hubadili mwenyewe. Na kasoro ya uzalishaji iliyoleta ugomvi hubaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu lango la forodha halizalishi mali.

Tuanze na msingi wenyewe. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa kwa mahitaji ya ubeberu wa Uingereza, wala si kwa mahitaji ya watu wa nchi hizi. Kandokando ya reli hiyo wakapewa ardhi walowezi. Walowezi wakataka benki, ghala, karakana na umeme. Na vitu hivyo vikafuatana Nairobi. Mwaka 1917 Kenya na Uganda zikafanywa eneo moja la forodha, na kufikia mwaka 1927 Tanganyika nayo ilikuwa imeingizwa kikamilifu. Baada ya hapo kampuni ya kigeni iliyotaka kuuza sabuni, sigara au mabati kwa nchi zote tatu ilifanya hesabu rahisi: soko ni moja, kiwanda kimoja kinatosha, basi kijengwe palipo na reli, bandari na benki. Hesabu hiyo ilitoa jibu lile lile kila mara. Kwa hiyo wanaosema kwamba Kenya iliendelea kwa sababu watu wake wachapakazi kuliko wengine wanasahau nani alichora ramani ya reli.

Katikati ya miaka ya 1960 zaidi ya robo ya mauzo yote ya Kenya nje ya mipaka yake yalikwenda Uganda na Tanzania, na sehemu kubwa yalikuwa bidhaa za viwandani. Uganda iliiuzia Kenya sukari na umeme wa Owen Falls. Tanzania iliuza kidogo kuliko wote.

Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo tueleze polepole. Ubaya wa mpango ule kwa Tanzania haukuwa kwamba tulinunua bidhaa kwa jirani. Ubaya ulikuwa katika forodha ya pamoja. Shati lililotoka ng'ambo lilitozwa ushuru mkubwa ili kukilinda kiwanda cha Afrika Mashariki, na kiwanda hicho kilikuwa Kenya. Mkulima wa pamba wa Shinyanga akalinunua shati la Kenya kwa bei iliyopandishwa na ukuta huo wa ushuru. Hazina ya Dar es Salaam ikakosa ushuru ambao ingeupata kama shati lingetoka ng'ambo. Mshahara wa mfanyakazi, kodi ya kampuni na faida ya mwenye kiwanda vyote vikabaki ng'ambo ya Namanga. Yaani mnunuzi wa Tanzania alichangia ujenzi wa viwanda vya Kenya kila alipofungua pochi yake dukani, na hakuna aliyemwambia.

Waingereza wenyewe walilijua hilo. Tume ya Raisman ya mwaka 1961 ilipendekeza mfuko wa pamoja, uliolishwa kwa asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha. Nusu ya mfuko iliendesha huduma za pamoja na nusu nyingine ikagawanywa sawa kwa nchi tatu. Ilikuwa ni kumpa pole aliyenyang'anywa. Mfuko uligawa fedha; viwanda haukuvigawa.

Baada ya uhuru serikali zetu zikajaribu kuvigawa. Mapatano ya Kampala ya mwaka 1964 yaliamua kwamba baadhi ya viwanda vipya vijengwe katika nchi moja tu kwa ajili ya soko lote. Uganda ilipewa baiskeli na mbolea ya chumvichumvi, Kenya balbu za umeme, na Tanganyika, miongoni mwa vingine, matairi ya magari na mipira yake ya ndani. Kenya haikuyaidhinisha mapatano hayo. Yaliyofuata kuhusu matairi yanafaa kukumbukwa na kila kada, maana yanafundisha zaidi ya hotuba nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ikawa na kiwanda chake cha General Tyre mjini Arusha. Karibu wakati huo huo kampuni ya Firestone ikawa inatengeneza matairi Nairobi. Viwanda viwili vya makampuni mawili ya Kimarekani, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka kimoja hadi kingine, vikigombea soko ambalo wataalamu walikuwa wamesema linatosha kimoja. Serikali zetu zilishindwa kupatana. Makampuni ya kigeni hayakuwa na shida hiyo, kwani kila moja ilipata serikali ya kuilinda.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Wengine huudharau kwa kuwa ulivunjika. Sisi hatukubaliani nao. Ulikuwa mkataba wa watu waliofikiri. Nchi iliyouza bidhaa za viwandani kidogo kuliko ilizonunua kwa wenzake iliruhusiwa kutoza kodi ya uhamisho kwa bidhaa za jirani, isiyozidi nusu ya ushuru wa forodha, mradi iwe yenyewe inatengeneza bidhaa ya aina hiyo au itaanza katika muda wa miezi mitatu. Benki ya Maendeleo iliwekwa Kampala, nchi zote zikachangia sawa, lakini mikopo ikapangwa asilimia 38.75 kwa Tanzania, 38.75 kwa Uganda na 22.5 tu kwa Kenya. Makao makuu ya Jumuiya yakahamia Arusha, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala. Reli na ndege zikabaki Nairobi.

Lakini kati ya Februari na Juni mwaka huo huo lilikuwa limepita jambo kubwa zaidi: Azimio la Arusha. Mabenki yalitaifishwa, na biashara ya nje ikawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Mkataba ulisema bidhaa zipite bila kizuizi kati ya nchi tatu. Upande wa Kenya aliyeamua kununua alikuwa mfanyabiashara. Upande wa Tanzania aliyeamua alikuwa shirika la umma lenye mpango. Hakukuwa na haja ya kuweka kizuizi chochote mpakani. Shirika likiamua kuagiza mahali pengine, basi, bidhaa ya Kenya imekosa mnunuzi, na hakuna kifungu cha mkataba kilichovunjwa.

Ndivyo ilivyokuwa wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Wachina walitukopesha reli bila riba, lakini gharama za ndani, kama mishahara ya wafanyakazi wetu na chakula chao, zililipwa kwa fedha iliyopatikana kwa kuuza madukani bidhaa za Kichina. Ili reli ijengwe, ilibidi bidhaa hizo zinunuliwe. Nafasi zake kwenye rafu za maduka zilipatikana kwa kuondoa za wengine, na baadhi ya walioondolewa walikuwa wenye viwanda wa Nairobi, ambao walilalamika sana. Walikuwa na haki ya kulalamika, nasi tulikuwa na haki ya kujenga reli. Tunalotaka lionekane ni kwamba soko la pamoja lilikuwa limeanza kutoka mikononi mwa Kenya miaka kadhaa kabla ya lango la Namanga kufungwa. Nchi huanza kujitoa katika jumuiya siku inapoacha kununua. Tangazo huja baadaye.

Mengine tuyapitie upesi. Amin alinyakua serikali Januari 1971, na tangu hapo wakuu watatu hawakukutana tena kama chombo cha juu cha Jumuiya. Katikati ya miaka ya 1970 ofisi za mashirika katika kila nchi zikaanza kuzuia fedha zisiende makao makuu, na reli ikagawanyika kwa vitendo ikiwa bado moja kwa jina. Januari 1977 Kenya ikaunda shirika lake la ndege, na East African Airways ikalala. Mwanzoni mwa Februari, katika siku zile zile ambazo TANU na ASP zilikuwa zinaungana kuwa Chama kimoja, Tanzania ikaufunga mpaka na kuyazuia magari na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa nchini. Bajeti ya Jumuiya ya mwaka 1977/78 haikupitishwa. Ilipofika Julai mosi Jumuiya ikawa haipo. Nani aliyejitoa? Mkenya atakwambia ni Tanzania, Mtanzania atakwambia ni Kenya, na mkutano wa wakuu wa kuizika haukufanyika.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika mwaka 1976 na 1977. Kenya ilipata fedha za kigeni kwa wingi, na Tanzania pia. Huko Chepkube, mpakani mwa Uganda na Kenya, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi jina la soko hilo likawa methali. Kwa hiyo jumuiya ilivunjwa katika mwaka ambao kila mmoja alijiona tajiri. Mwenye kiwanda wa Nairobi alipoteza wateja, lakini serikali yake haikutetereka kwa kuwa kahawa ilikuwa inalipa. Hazina yetu nayo iliona kwamba kilichokuwa kinatoka Kenya kinaweza kuagizwa ng'ambo. Mwaka 1978 bei ya kahawa ilikuwa imeshuka. Oktoba mwaka huo Amin akavamia Kagera. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda upya. Ndipo hesabu ya kweli ilipoletwa.

Na hesabu hiyo ilikuwaje? Kwa upande wetu, viwanda vya umma sasa vilikuwa na soko lisilo na mpinzani, jambo ambalo wengi walikuwa wamelitamani. Urafiki, Mwatex na vingine havikuwa na haja tena ya kuogopa nguo za Kenya. Lakini kiwanda hula vipuri, dawa za rangi na mafuta, na vitu hivyo vilitaka fedha za kigeni. Zamani sehemu ya mahitaji hayo ilipatikana kwa jirani, kwa mzigo mdogo, kwa siku chache. Sasa vilitoka ng'ambo kwa meli, na fedha hakuna. Mashine zikasimama si kwa kukosa wanunuzi bali kwa kukosa kipuri. Kiwanda cha matairi cha Arusha ni mfano mzuri. Kiliwekwa mahali ambapo ni karibu kufika Nairobi kuliko kufika Dar es Salaam. Palifaa kwa soko la nchi tatu. Mpaka ulipofungwa kikajikuta kwenye ukingo wa soko la nchi moja, mbali na bandari inayoleta malighafi na mbali na wanunuzi wengi.

Hatusemi kwamba uhaba wote wa miaka ile ulitokana na kufungwa kwa mpaka. Vita vya Kagera, mafuta na ukame vilikuwa na sehemu kubwa, na makosa ya uendeshaji wa mashirika yetu yalikuwa na sehemu yake. Anayeutwika mpaka mzigo wote anawapunguzia meneja wabaya mzigo wao. Lakini mpaka uliondoa kitu kimoja mahususi: mahali pa karibu pa kuazima. Nchi yenye jirani anayefanya naye biashara, inapopungukiwa na sabuni mwezi huu, huipata kabla ya mwezi kwisha. Nchi isiyo naye hungoja meli.

Kwa upande wa Kenya, soko la Tanzania lilipotea karibu lote, na pamoja nalo njia ya barabara ya kwenda Zambia, kwa sababu malori yake hayakuweza tena kupita kwetu. Viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya nchi tatu vikafanya kazi chini ya uwezo wake. Wenye viwanda wakatafuta Rwanda, Burundi na Sudan, na baada ya 1979 Uganda tena. Desemba 1981 eneo la upendeleo wa biashara la mashariki na kusini mwa Afrika likaasisiwa Lusaka, na Kenya ikajiunga mapema. Tanzania iliingia mwaka 1985, ikiwa tayari upande wa kusini tangu SADCC ya mwaka 1980. Kila mmoja aligeuka na kutazama alikokuwa na nafuu.

Utalii ulikuwa eneo ambalo tulitegemea kushinda waziwazi. Watalii walikuwa wakishukia Nairobi, wakiingia Serengeti na Ngorongoro kwa magari ya Kenya, na kurudi kulala Kenya. Tulikuwa na kiwanja cha Kilimanjaro tangu 1971. Hoja ikawa kwamba mpaka ukifungwa watalii watashukia hapo. Hawakushuka. Mwenye kuuza safari Ulaya alibadilisha kitabu chake tu: badala ya Serengeti akaandika Maasai Mara, ambako ni nyika ile ile na nyumbu ni wale wale. Nyumbu waliendelea kuvuka mpaka bila kibali. Njia ya watalii ya Bologonja, kati ya Serengeti na Mara, haikufunguliwa hata mpaka ulipofunguliwa.

Basi biashara ilikwenda wapi? Ilikwenda vichochoroni. Mkuria wa Sirari, Mmaasai wa Namanga, Mchaga wa Holili na Mdigo wa Horohoro wote walikuwa na ndugu ng'ambo ya pili, na mpaka haukuwa umewahi kuwazuia kuoleana. Ng'ombe na kahawa zilikwenda Kenya usiku. Sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya meno zikarudi. Bidhaa zilezile, viwanda vilevile. Kilichobadilika ni kwamba Hazina haikupata ushuru wala kodi ya uhamisho, ushirika haukupata kahawa, na bei dukani ilipangwa na mlanguzi. Tabaka ambalo Azimio la Arusha lilitaka kuling'oa lilipewa biashara ambayo hakuna sheria ingeweza kulipa. Operesheni ya wahujumu uchumi iliyoanza Machi 1983 iliwakamata wengi, na baadhi walistahili. Lakini ilipambana na mtu wakati chanzo kilikuwa nafasi iliyoachwa wazi kati ya mahitaji ya wananchi na uzalishaji wa nchi. Miezi michache baadaye, Novemba 1983, mpaka ukafunguliwa.

Tarehe 14 Mei 1984, mjini Arusha, viongozi wa nchi tatu walitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni yaliyosuluhishwa na Victor Umbricht, Mswisi. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Mali isiyohamishika ilikuwa imekwisha gawanywa na jiografia: karakana iliyokuwa Nairobi ilibaki Nairobi. Waliochelewa kuliko wote ni wafanyakazi. Makarani, mafundi wa reli na wahudumu wa bandari waliolitumikia shirika la nchi tatu walijikuta hawana mwajiri wa kumdai kiinua mgongo. Hapa Tanzania wazee hao walikuwa bado mahakamani baada ya mwaka 2000, na wengi walikufa wakingoja. Katika hesabu za biashara za nchi hasara hii haina safu yake, na ndiyo sababu tunaitaja.

Bidhaa za Kenya zilirudi madukani mara tu njia ilipofunguka, kwa sababu katika miaka sita na zaidi ya ukuta uwiano wa viwanda haukuwa umebadilika kwa faida yetu. Baadhi ya mambo hayakurudi. Treni za kati ya Voi na Kahe, reli iliyojengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1916 na kuiunganisha Moshi na Mombasa, hazikurudia hali yake. Meli za ziwani ziligawanywa, MV Victoria na MV Umoja kwetu, MV Uhuru kwa Kenya, na safari za kulizunguka ziwa zima kupitia Kisumu, Bukoba, Mwanza na Port Bell zikabaki simulizi. Lori likachukua mzigo wa treni na wa meli, kwa gharama kubwa zaidi kwa mlaji.

Mkataba mpya ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Septemba mwaka huo huo Tanzania ilijitoa COMESA. Hakukuwa na uhaba, wala Chepkube nyingine, kwani Kenya na Uganda tulibaki nazo katika Jumuiya mpya, na nchi za kusini katika SADC. Na umoja wa forodha ulipoanza Januari 2005, waandishi wake waliirudia dawa ya 1967 kwa jina jingine: bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza, wakati orodha ya bidhaa za Kenya iliendelea kutozwa zikiingia kwetu, ushuru ukipungua kila mwaka kwa miaka mitano. Safari hii muda wa kinga uliwekwa mwisho ambao ulifika kweli. Mwaka 2010 ushuru huo ulifutwa, na kila kiwanda kilichokuwa kimetumia miaka mitano kujijenga kikabaki na alichojenga, na kilichoitumia kulala kikakutana na bidhaa ya jirani mlangoni.